Mwanya umerudi, na kaka aliuza mashine ya boti

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, naishi Makorora hapa Tanga, na nauza katika duka la dawa mjini. Kutwa niko dirishani naongea na wateja, kwa hiyo watu wananitazama mdomoni tangu asubuhi mpaka tunafunga. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili anacheka kwanza, ndipo anishauri.

Tangu utoto nilikuwa na meno ya juu yaliyotokeza mbele, na mwanya mpana kati ya yale mawili ya katikati. Najua huku kwetu pwani mwanya unasifiwa, na bibi mzaa mama aliuita urithi wake. Lakini wangu haukuwa ule mwembamba wa kuimbiwa. Ulikuwa unapitisha punje ya mtama, na ya chini nayo yalikuwa yamepandana. Shuleni waliniita majina nisiyotaka kuyaandika. Nilijifunza kucheka nimeziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na hata leo mkono huenda wenyewe.

Baba alishafariki, aliyetulea ni kaka yetu mkubwa. Nilipokuwa na miaka 21 aliniona napigwa picha nimeumana midomo, akaniuliza kuna nini, nikalia. Hakusema mengi. Baada ya muda tukasikia ameuza mashine ya boti yake, ile ya kufunga nyuma, fedha akamkabidhi mama: "Mpelekeni akatengeneze meno." Nikawa nakwenda Dar es Salaam kwa basi kila mwezi, nalala Temeke kwa mama mdogo, nakazwa waya, narudi. Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Kaka tangu wakati huo anavua kwenye chombo cha mtu, kwa mgawo. Hajawahi kunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Vyuma vilipotolewa nilijitazama kwenye kioo nikashindwa kusema. Nikapewa riteina ya juu na ya chini, vile vibao vya plastiki ya rangi ya fizi vyenye waya kwa mbele, nikaambiwa nivae usiku na mchana miezi sita, kisha usiku tu mpaka mwaka utimie. Nilivaa, Shangazi. Hata Ramadhani nilikuwa navua wakati wa futari na daku tu. Mwaka ulipotimia nikapiga simu kule nilikotibiwa, nikaambiwa meno yameshatulia, sasa pumzika. Nikaziweka kwenye kopo lake, nikaendelea na maisha.

Mwaka jana ndipo nikaona jino moja la chini limegeuka ubavu. Nikajipa moyo. Halafu mwanya: kwanza uzi wa cherehani ulikuwa unapita kwa taabu, sasa kinapita kijiti. Nikarudisha riteina ya juu, ikakataa kukaa. Nikaisukuma kwa vidole gumba, maumivu yakapanda mpaka jichoni, nikaitoa. Ulimi nao umepata mchezo, kutwa unachokonoa pale kwenye upenyo. Fizi hutoa damu nikipiga mswaki, lakini hilo ni la siku nyingi, nadhani mswaki wangu ni mgumu.

Nimechumbiwa, na harusi in shaa Allah ni Mfungo Tatu. Mchumba wangu alinijua vyuma vikiwa vimeshatoka. Picha zangu za zamani hajaziona, nilizificha. Juzi tumekaa Raskazone jioni tunakula mishkaki, akanitazama, akasema, "Kumbe una mwanya." Akatabasamu. Mimi nikafunga mdomo mpaka tulipoagana. Naogopa siku moja ataona nilimwonyesha sura isiyo yangu.

Zamu yangu ya mchezo inafika mwezi ujao, nitapokea milioni moja na laki nane. Nilikusudia nimpe kaka aanzie kununua mashine nyingine. Sasa nafikiri nizitie kwenye meno tena, kimya kimya, kabla hajagundua. Maana akiona yamerudi, si atasema mashine yake ilizama bure?

Nimempata mtu kwenye simu anauza zile plastiki angavu za kuvaa juu ya meno. Anakutumia udongo wa kuuma nyumbani kwako ili kupata umbo la meno, unamrudishia kwa basi, unalipa laki tisa, unaletewa seti nzima. Hakuna kuonana na daktari. Mwenzangu kazini anasema hayo ni magego ya mwisho yanasukuma, niyang'oe tu mengine yatarudi mahali pake. Kuna dada kanionyesha video ya msichana aliyefunga mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele, mwanya ukafunga kwa siku chache. Bibi yeye anasema niache, Mungu amerudisha chake.

Je, nilitapeliwa kule nilikotibiwa? Nianze upya? Na kaka nimwambie au ninyamaze?

Mwenye Mwanya, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia nakwama pale kwenye mashine ya boti. Nitafika huko. Lakini nikianza na kaka nitasahau fizi, na fizi zako zimenitia wasiwasi kuliko mwanya.

Kama nimekuelewa, hali yako ni hii: meno yaliyoigharimu familia yameanza kuhama, harusi iko mbele, fedha iko njiani na tayari ina wadai wawili, kinywa chako na kaka yako. Nawe unataka jambo liishe kabla mtu yeyote hajalijua. Hilo la mwisho ndilo linalokuharakisha, na haraka hiyo ndiyo iliyokupeleka kwa muuza plastiki wa kwenye simu.

Mimi si daktari. Kabla ya kukujibu nilikaa na daktari wa meno, nikamweleza bila kutaja cha kukutambulisha. Ya kitabibu humu nimeyatoa kwake, ya umbea ni yangu mwenyewe.

Umeuliza kama ulitapeliwa. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa. Linashikwa na nyuzi nyingi ndogo kati ya mzizi na mfupa, na nyingine kwenye fizi zinazounganisha jino na jirani yake. Wewe ni dada wa mvuvi, utanielewa: ni mlingoti na kamba zake. Ukiuhamisha mlingoti na kamba zikabaki zimevutika vilevile, zitaurudisha. Mfupa hujipanga upya katika miezi kadhaa, lakini zile nyuzi za fizi ni sugu. Mtafiti wa Norway, Kaare Reitan, alichunguza jambo hili miaka ya 1950, akakuta nyuzi hizo bado zimevutika zaidi ya siku 200 baada ya jino kugeuzwa. Ndiyo sababu jino lililokuwa limepinda na mwanya wa katikati ni miongoni mwa vitu vinavyopenda sana kurudi. Ulikuwa na vyote viwili.

Kule Marekani, Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia watu waliowahi kung'olewa baadhi ya meno na kufungwa vyuma. Miaka 10 baada ya kuacha riteina, chini ya asilimia 30 ndio waliobaki na meno ya chini ya mbele yaliyokaa vizuri. Taarifa hiyo ilitoka 1981. Hao walitibiwa chuo kikuu, na wataalamu. Kwa hiyo meno kuhama hakuthibitishi kwamba kazi iliyofanywa kinywani mwako ilikuwa mbovu.

Kauli ya "mwaka mmoja kisha pumzika" ndiyo yenye kasoro. Zamani ilikuwa desturi ya wengi. Siku hizi madaktari wengi wa kupanga meno humwambia mgonjwa waziwazi: riteina ni ya usiku, kwa muda wote utakaotaka meno yakae yalipo. Hukuambiwa hivyo, nawe ulifuata ulichoambiwa. Una haki ya kuwapigia tena na kuuliza kwa adabu: mliniambia yametulia, yamehama, mnanisaidiaje? Wapo watakaokutengenezea riteina kwa nafuu, wapo watakaokukatia simu. Kuuliza hakukugharimu.

Sasa nami nikuulize. Unasema meno "yamerudi". Yamerudi wapi? Umenitajia jino moja la chini na mwanya unaopitisha kijiti. Meno ya juu yaliyotokeza, yale yaliyokufanya uumane midomo kwenye picha, hukuyataja. Tafuta picha ya siku vyuma vilipotolewa na ile ya zamani uliyoificha, simama mlangoni penye mwanga, jitazame kioo huku umezishika. Ninachoshuku ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ile bado ipo. Kama nimekosea utaniambia.

Tuje kwenye damu. Umeipitia haraka katika barua, ukamsingizia mswaki. Mswaki mgumu unaweza kuchubua, lakini fizi inayotoa damu siku nyingi mara nyingi ni fizi iliyovimba kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye maungio ya jino na fizi, na ukoga ukishaganda kuwa jiwe mswaki hauutoi tena. Ikiishia kwenye fizi, hutibika ikapona kabisa. Ikishuka chini na kuanza kula mfupa, mfupa ulioliwa haurudi kirahisi, na mojawapo ya dalili za ugonjwa huo ni meno ya mbele kuanza kuachana na kufungua nafasi ambazo hazikuwepo.

Umeona ninakoelekea? Huenda mwanya wako ni zile nyuzi tu. Huenda ni ule uzi wa nyama unaounganisha mdomo wa juu na fizi, ambao kwa watu wengine ni mnene na unashuka mpaka katikati ya meno. Huenda ni ulimi, maana nguvu ndogo inayokaa saa nyingi hulisogeza jino kuliko nguvu kubwa ya mara moja. Na huenda ni fizi. Kwa macho, wewe wala mimi hatuwezi kutofautisha. Daktari huchukua kijipimo chembamba chenye alama za milimita, akakipitisha taratibu kati ya jino na fizi: kikizama milimita 1 hadi 3 ni salama, kikizidi hapo anaanza kuulizauliza na kuagiza eksirei.

Jambo hili linatangulia mengine kwa sababu kusogeza meno wakati fizi zinaumwa ni kuongeza kasi ya mfupa kuliwa. Fizi zikitulizwa kwanza, meno yanaweza kusogezwa salama hata kwa mtu aliyewahi kupoteza mfupa kidogo. Nawe unakwenda kuolewa, na Mungu akijaalia mimba, homoni zake huzifanya fizi zivimbe na kutoa damu kirahisi zaidi. Ni vyema uingie ndani ya nyumba hiyo zikiwa safi. Kliniki ya meno ya Hospitali ya Bombo iko palepale mjini, huna haja ya kupanda basi kwa ajili ya kupimwa fizi na kuondolewa ukoga. Wakati unasubiri, nunua mswaki laini, na usipakwepe panapotoa damu. Watu wengi huona damu wakaacha kupasugua, na pakiachwa ndipo panapozidi.

Habari ya mpira sitaizungusha. Mwambie dada huyo aifute hiyo video. Jino lina umbo la kuchongoka kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo mpira ukifungwa hauwezi kutulia, unateleza juu, unaingia ndani ya fizi, na huko hauonekani tena. Unaendelea kukaza na kuukata mfupa kimyakimya. Wapo watu waliopoteza meno mawili ya mbele, mazima, yasiyo na hata tundu, kwa mpira wa namna hiyo.

Magego ya mwisho ni imani ya wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya wanayo. Lakini meno ya chini ya mbele hubanana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu ambao magego hayo hayakuwahi kuota, na hata kwa ambao hawajawahi kuvaa chuma chochote. Uingereza, tangu mwaka 2000, miongozo yao inasema yasing'olewe kama hayana ugonjwa. Likiwa lako limeoza, linauma au fizi yake inavimba kila mara, hiyo ni habari nyingine. Ila usilale kwenye kiti ukang'olewa magego ukitarajia mwanya utafunga.

Yule wa kwenye simu nimemfikiria sana, maana plastiki angavu zenyewe si uongo. Ni tiba halisi, na kwa meno yaliyohama kidogo hufanya kazi nzuri: kila moja hulisogeza jino kiasi cha robo milimita, unavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unabadilisha kila wiki moja au mbili. Shida ni anavyoziuza. Hakuna aliyepima fizi zako, hakuna aliyeona mizizi kwenye eksirei, na udongo ulioumwa nyumbani ukipinda kidogo seti nzima inapinda nao. Mambo yakiharibika katikati utamtafuta wapi? Hata wakubwa wa biashara hiyo wameanguka: SmileDirectClub ya Marekani ilifunga shughuli Desemba 2023, na wateja wakaachwa katikati ya matibabu. Ukizitaka plastiki hizo, zipitie kwa daktari unayeweza kumkalia mbele, na uulize kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hilo ni swali la kawaida, asiudhike nalo.

Ukishapimwa utakuwa na njia zaidi ya moja. Unaweza kutengenezewa riteina mpya kwa jinsi meno yalivyo leo. Haitafunga mwanya, lakini itausimamisha hapo ulipo, na gharama yake ni ndogo mno kuliko kuanza vyuma upya. Mimi naipenda njia hii kwa sababu inakununulia muda: hutaamua ukiwa na hofu kwamba kesho mwanya utazidi. Ubaya wake ni kwamba ukija kuyasogeza baadaye, utatengeneza nyingine.

Unaweza kuyarudisha, kwa plastiki angavu au kwa vyuma vya meno ya mbele tu. Marejeo madogo mara nyingi huchukua miezi michache, siyo miaka. Huenda daktari akahitaji kupunguza kidogo ubavu wa meno ya chini, chini ya nusu milimita kila maungio, ili lililogeuka lipate pa kukaa. Lakini jua unachokiingia: kusogeza jino mara ya pili ni kuusumbua mzizi mara ya pili, na kwa baadhi ya watu mzizi hufupika. Eksirei inahitajika kabla. Tena harusi ya Mfungo Tatu isiwe ndiyo inayopanga mwendo wa meno. Atakayekuahidi kumaliza kabla ya siku yako bila hata kukufungua mdomo, mkimbie.

Njia nyingine ni kuzibiwa mwanya kwa dawa nyeupe inayobandikwa pembeni mwa meno mawili. Haraka, na mara nyingi bila kusaga jino. Hubadilika rangi kwa chai na hupasuka ukiuma vigumu, kwa hiyo ni ya kurudiarudia. Ama yale maganda ya kubandika juu ya meno yaliyosagwa, hapana, sitakufichia ninavyoona: kusaga meno mazima ya msichana wa miaka 27 kwa mwanya wa kijiti, na jino lililosagwa halioti tena, mimi moyo unakataa. Wewe ndiye mwenye kinywa.

Na ipo njia ya bibi yako. Kuuacha. Isikilize bila kuicheka, kwa sharti moja tu, kwamba fizi ziwe nzima na uvae kitu cha kuusimamisha. Mwanya mwembamba wenye fizi safi hauna madhara yoyote kiafya.

Ukichagua kurudisha, basi kuzuia ni kwa maisha. Baadhi hubandikiwa waya mwembamba nyuma ya meno, toka chonge hadi chonge, usioonekana. Raha yake huvui, hupotezi. Ubaya wake hukusanya ukoga, nawe tayari una fizi zinazolalamika, na ukibanduka upande mmoja jino huhama bila wewe kujua. Ya kuvua inataka nidhamu ya usiku. Ioshe kwa maji ya baridi, maana ya moto huipinda, na usiiache ndani ya gari kwa jua hili letu la Tanga. Usiifunge kwenye tishu wakati wa kula: atakayesafisha meza ataitupa, na hatakuwa na kosa. Paka nao wanazipenda, sijui kwa nini. Na ile ya juu uliyoisukuma kwa vidole gumba, usiisukume tena. Inayokaa kwa kubana kidogo inavalika, isiyokaa hailazimishwi.

Mchumba wako. Nimesoma mara kadhaa alichosema pale Raskazone, na kama ulivyokiandika, ni maneno matatu na tabasamu. Woga wote unaofuata umeuandika wewe. Sisemi haiwezekani akawa na neno, wanaume wapo wa kila namna. Lakini huku pwani kumwambia msichana "kumbe una mwanya" kwa kutabasamu, mimi na umri wangu huu, sijawahi kusikia ikisemwa kwa kulaumu. Kuhusu kumwonyesha sura isiyo yako: ulitibiwa meno, mwanangu, hukuvaa kinyago. Hulazimiki kumpelekea albamu. Ila jiulize kama unataka kuingia kwenye ndoa ukilinda picha zilizofichwa sandukuni, kwa sababu za namna hiyo huwa zinafumwa na wifi siku ya kuhamisha vitu, na hapo utalazimika kueleza siri ambayo haikuwa na haja ya kuwa siri. Unaweza kusubiri. Unaweza pia kumwonyesha moja, siku mkiwa mnacheka.

Haya, kaka.

Kwanza, umejuaje kwamba hajaona? Mnakutana, mnakula pamoja, na aliyetambua picha moja ya midomo iliyoumana ndiye unayedhani hataona mwanya? Huenda ameuona zamani, amenyamaza kwa sababu ananyamaza kwa kila kitu. Pili, plastiki zile huvuliwa kila unapokula. Kwenye nyumba ya watu wengi siri hiyo haitapita wiki.

Unasema atasema mashine ilizama bure. Yeye hajasema. Hayo ni maneno uliyomwekea mdomoni, na unayabeba kama deni. Sina hakika atajibu nini, simjui. Anaweza kuumia kidogo, na itabidi uyavumilie maumivu yake bila kuyakimbia. Anaweza kushtuka kwamba umeteseka peke yako. Anaweza hata kukataa fedha zako, akisema kamalizie meno, na hapo utakuwa na tatizo jipya la kumlazimisha apokee.

Fedha ya mchezo nayo imegeuzwa kuwa mizani, ukichagua meno umemsaliti kaka, ukichagua kaka umejisahau. Sidhani ni lazima iwe moja ya hayo mawili. Kupimwa fizi na kusafishwa, pengine na riteina mpya, huenda mshahara wako ukayameza kwa miezi michache, ukabaki na mchezo mzima wa kumpa. Au ukagawa. Au ukamwambia kwanza, mkaamua pamoja, hata kama mtaamua usichokitarajia. Ukimpa zote bila kumweleza habari ya meno, utakuwa umelipa deni ambalo yeye hakuliandika, na siri itabaki palepale. Ukizitia zote kwenye meno bila kumweleza, kila atakaporudi kutoka baharini na mgawo wa chombo cha mtu utajificha uso. Njia hizo mbili za kimya ndizo zinazonitisha, lakini wewe ndiye unayeijua nyumba yenu.

Kama utamwambia, chagua siku asiyotoka usiku kuvua, na usianze na fedha. Anza na riteina: kwamba ulivaa mwaka mzima kama ulivyoagizwa, na kwamba uliambiwa upumzike. Nahisi sehemu yako inaogopa atadhani ulizembea, na hilo lina jibu fupi la kweli.

Ukienda kupimwa, beba riteina zote mbili hata kama hazikai, pamoja na picha ya siku vyuma vilipotolewa. Kama kule ulikotibiwa walikupa nakala ya eksirei au vile vifinyango vya plasta vya meno yako, beba navyo. Mtajie daktari na ulimi unaochokonoa, usione haya. Ukishapata majibu ya fizi niandikie, na kama kaka amesema neno, niandikie hilo kwanza.

Shangazi